Ulezi, Wimbi, Ragi: Nafaka Moja, Majina Matatu



Muhula uliopita tulipata mwanafunzi mpya katika darasa la wadogo. Saa ya mapumziko sahani ya mahamri ilipita, akatikisa kichwa. Ikapita sahani ya sambusa, akatikisa tena. Mwisho alitoa ndizi mkobani, akaenda kuila peke yake karibu na dirisha. Mimi nilidhani anaona haya, nikamwambia, "Kula mwanangu, hapa ni kwenu." Akanijibu kwa Kiswahili kizuri tu, "Siwezi, mwalimu. Ngano inaniumiza."

Mama yake alinieleza baadaye kwamba mtoto ana ugonjwa wa siliaki. Nikaahidi kwamba Jumamosi inayofuata patakuwa na uji ambao naye atakunywa pamoja na wenzake. Nilinunua pakiti ya uji wa lishe yenye picha nzuri ya ulezi mbele, nikaamka alfajiri kuupika. Tulipofika shuleni mama mtu aliomba kuiona pakiti, akaigeuza, akasoma nyuma: ulezi, mahindi, soya, ngano. Sufuria ilikuwa imeshafika mezani. Mtoto akairudia ndizi yake.

Makala haya ni ya kulipa deni lile. Yanahusu ulezi, nafaka ya kwetu isiyo na gluteni: ni nini, ina faida gani, na tuipike vipi ili kila mtoto akae meza moja na wenzake.

Gluteni ni kitu gani?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa ngano ukikandwa uvutike kama mpira. Ndiyo inayoshika hewa ndani mpaka hamri likafura kwenye mafuta. Watu wengi wanaila bila shida yoyote.

Kwa mwenye siliaki mambo ni tofauti. Kinga ya mwili wake ikikutana na gluteni huiona kama adui, na katika kupigana nayo huuumiza ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza virutubisho vya chakula. Vikiharibika, mtoto anakula lakini mwili haupati. Anaweza kuumwa tumbo, kuharisha, kuishiwa damu, kuchoka ovyo au kuchelewa kukua. Huko si kudeka, wala si jambo la kupita. Hapa Uingereza inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajapimwa.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo inayowadhuru wagonjwa hawa. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilikumbwa na njaa na mkate ukaadimika. Watoto wenye siliaki, ambao ungetazamia wadhoofike zaidi, walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mpaka leo tiba ni ileile moja: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Wazazi, neno moja la muhimu. Ukimshuku mwanao kuwa na ugonjwa huu, usimwachishe ngano kabla hujamwona daktari. Kipimo cha damu kinahitaji mtoto awe bado anakula gluteni, ama sivyo majibu yanaweza kuonyesha kwamba ni mzima na kumbe si mzima.

Nafaka yenye vidole

Ulezi ni mmea wa jamii ya nyasi. Juu ya bua huota mashuke membamba manne, matano au zaidi, yamekaa kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Yanapoiva mara nyingi hujikunja ndani, na kiganja kikawa ngumi. Punje zake ni ndogo kama za haradali, na rangi yake mara nyingi ni kahawia iliyokoza. Ndiyo maana uji wa ulezi una rangi kama ya chokoleti.

Majina yake ni mengi. Tanzania wengi husema ulezi, na Kenya wengi husema wimbi. Waganda huuita bulo, Wanyarwanda na Warundi huuita uburo, na Wajaluo huuita kal. Tusiuchanganye na ndugu zake wawili: mtama, wenye punje kubwa za mviringo, na uwele, wenye shuke moja refu lililosimama kama mkia wa paka. Hao nao hawana gluteni, lakini ni nafaka nyingine.

Wataalamu wa historia ya mimea wanasema ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, eneo la Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo ugali wa ulezi ni mkubwa kwa umri kuliko ugali wa mahindi. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na hayakufika Afrika mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Bibi wa bibi zetu wa zamani walisonga ugali karne nyingi bila kuyajua mahindi.

Mbona basi ulezi ulirudi nyuma? Kazi. Ukiwa mchanga unafanana mno na magugu, na mpaliliaji asiye mzoefu hung'oa mmea akaacha gugu. Wakati wa kuvuna, watu wengi hukata mashuke kwa kisu, moja moja. Kisha kuna kuanika, kupura, kupepeta kwa ungo na kusaga. Gunzi moja la hindi linakupa punje mia kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Lakini ulezi ulikuwa na sifa ambayo mahindi hayana. Ukikaushwa vizuri huhifadhika ghalani miaka mingi, kwa sababu punje ni ndogo hata wadudu hawapati nafasi ya kuzaliana ndani yake. Familia yenye ulezi ghalani ilikuwa na akiba ya kuvukia mwaka wa njaa.

Safari ya kuvuka bahari

Hapa ndipo hadithi inapotuhusu sisi tunaoishi ughaibuni. Tangu kale sana ulezi ulivuka Bahari ya Hindi ukafika India, ukapendwa, ukawa wa huko. Katika jimbo la Karnataka huitwa ragi, na watu husonga madonge yake ya mviringo wakayala kwa mchuzi. Ukiyaona utasema ni ugali, na hutakosea sana. Maharashtra huitwa nachni. Sri Lanka huitwa kurakkan.

Jina lake la kisayansi ni Eleusine coracana. Neno la kwanza linatokana na Eleusis, mji wa Ugiriki ya kale alikoabudiwa mungu wa kike wa mavuno. Neno la pili linatokana na kurakkan, jina la Sri Lanka. Mmea ni wa Afrika, na jina zima halina hata silabi moja ya Afrika.

Upande wa pili, mahindi yalitoka Amerika na sisi tukayapa jina la Wahindi. Ulezi ulitoka kwetu ukaenda India, na leo tunauziwa kwa jina la Kihindi. Ndivyo biashara ya bahari inavyochanganya majina.

Faida yake ni kwamba huhitaji kumwagiza shangazi aliye Arusha au Kisumu akutumie kifurushi. Ingia duka la Wahindi lililo karibu nawe, iwe ni Leicester, London, Muscat au Houston, utafute unga ulioandikwa ragi au nachni. Ni nafaka ileile aliyoisaga bibi.

Ndani ya punje mna nini?

Sifa kubwa ya ulezi ni kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Linganisheni wenyewe kiasi cha kalsiamu kilichomo katika gramu 100 za kila chakula, kwa wastani:

- Ulezi: kama miligramu 340 hadi 360
- Maziwa ya ng'ombe: kama miligramu 120
- Unga wa ngano nzima: kama miligramu 30 hadi 40
- Mahindi makavu: kama miligramu 10
- Mchele mweupe: kama miligramu 10

Zaidi ya hapo, gramu 100 za ulezi zina nyuzinyuzi kama gramu 11, protini kama gramu 7 na madini ya chuma kama miligramu 4. Hii ni habari njema kwa mwenye siliaki, kwa kuwa utumbo wake ulioumia umekuwa ukipoteza kalsiamu na chuma kwa muda mrefu. Na vyakula vingi vya dukani visivyo na gluteni vimetengenezwa kwa unga mweupe wa mchele na wanga mtupu.

Sasa tusitie chumvi. Mmesikia watu wakisema ulezi unashinda maziwa. Hakuna anayekula gramu 100 za unga mkavu kwa mkupuo. Bakuli moja la uji lina unga kama gramu 30, yaani kalsiamu kama miligramu 100. Glasi ya maziwa ya mililita 200 ina kama 240. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 anahitaji 550 kwa siku, kwa mwongozo wa hapa Uingereza. Kwa hiyo uji unasaidia sana, lakini haukai mahali pa maziwa, dagaa na mboga za majani.

Pia ulezi hautibu kisukari, ingawa maneno hayo yanazunguka kwenye simu zetu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga, na uji mwepesi wa unga laini uliotiwa sukari unapandisha sukari ya damu kama uji mwingine. Babu mwenye kisukari anaweza kuula, ila kwa kipimo, na kwa ushauri wa daktari wake.

Ujuzi wa bibi: kimea na uchachu

Kuna jambo jingine. Ndani ya ulezi mna asidi inayoitwa fitati. Hushika kalsiamu na chuma, na sehemu ya madini hayo ikatoka mwilini bila kutumika. Ajabu ni kwamba bibi zetu, bila maabara, walikuwa na njia mbili za kuipunguza.

Ya kwanza ni kuchachusha. Unga huchanganywa na maji, ukafunikwa na kuachwa usiku mmoja au mbili kabla ya kupikwa. Uji hupata ukali mzuri, na fitati hupungua.

Ya pili ni kimea. Ulezi hulowekwa, ukachujwa, ukafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, halafu hukaushwa na kusagwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vipande. Ukitia kijiko cha unga wa kimea katika uji mzito ulio vuguvugu, uji hulainika mbele ya macho yako. Maana yake mtoto mwenye tumbo dogo anaweza kunywa uji wenye unga mwingi zaidi. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walihimiza akina mama kutumia kimea kwa sababu hiyohiyo. Kimea cha ulezi ndicho pia kinachotumika kutengeneza togwa, na Wachaga hukitia katika mbege yao ya ndizi.

Tahadhari: kimea kinachotajwa kwenye pakiti za vyakula dukani hapa kwa kawaida ni cha shayiri, na shayiri ina gluteni.

Bibi alikuwa na la tatu pia: kukamulia ndimu kwenye uji. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kuchukua chuma cha nafaka. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, kwa hiyo iacheni isubiri kama saa nzima baada ya uji.

Kabla hujanunua, kabla hujapika

Hapa ndipo mimi nilipokosea, na nisingependa mwingine akosee. Ulezi wenyewe hauna gluteni, lakini mfuko wa ulezi unaweza kuwa nayo.

Kwanza, geuza pakiti. Uji wa lishe na unga wa nafaka mchanganyiko mara nyingi hutiwa ngano. Biskuti zenye jina la ragi nazo mara nyingi zina ngano. Kwa sheria ya hapa Uingereza, ngano, shayiri na rai lazima zionekane wazi katika orodha ya viambato, kwa kawaida kwa herufi nene. Hata mtoto anayejifunza kusoma anaweza kuzitafuta.

Pili, fikiria kinu. Kinu kilichosaga ngano asubuhi na ulezi mchana hubakiza vumbi la ngano. Kwa mwenye siliaki, chagua pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Hapa Uingereza, kama ilivyo Ulaya na Marekani, maneno hayo yanaruhusiwa tu ikiwa gluteni haizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Unga wa kupima kwenye gunia, hata uwe mzuri vipi, usimpe.

Tatu, tazama jiko lako. Mwiko wa mbao uliosongea uji wa ngano, kibao cha kusukumia chapati, chujio la unga, mafuta yaliyokaangia mahamri: vyote hivi hubeba gluteni. Mwekee mtoto mwiko wake na sufuria iliyooshwa vizuri, na upike chakula chake kwanza.

Nne, kumbuka kwamba meza yetu ina mengi asiyokatazwa. Wali wa nazi, ugali, muhogo, ndizi za kupika, mbaazi za nazi, bajia za kunde, vitumbua vya mchele na mkate wa kumimina havihitaji ngano kabisa, maadamu viungo na mafuta ni safi. Vya kuepuka ni chapati, mahamri, sambusa, kaimati, tambi za ngano na bokoboko.

Tupike: uji wa ulezi wa watu wanne

Watoto, mpimie mama au baba viungo hivi:

- Unga wa ulezi kikombe 1, kama gramu 120
- Maji lita 1 na robo
- Chumvi kidogo sana
- Sukari au asali kwa kadiri mpendavyo
- Ndimu 1, au maziwa, au tui la nazi

1. Koroga unga na vikombe viwili vya maji baridi kwenye bakuli mpaka madonge yaishe. Usitie unga moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, utapata madonge yasiyovunjika.
2. Chemsha maji yaliyobaki na chumvi.
3. Mimina mchanganyiko polepole huku mtu mwingine akikoroga bila kusimama. Hii ni kazi ya watu wawili.
4. Punguza moto, pika dakika 10 hadi 15 ukikorogakoroga, mpaka harufu ya unga mbichi iishe.
5. Epua, tia sukari. Kamua ndimu baada ya kuepua, kwa kuwa moto huharibu vitamini C. Chagua ndimu au maziwa, si vyote viwili, maana maziwa yatakatika.

Kwa uji mchachu, fanya hatua ya kwanza, funika bakuli na uliache mahali penye joto usiku kucha. Anayependa ugali achanganye unga wa ulezi na wa muhogo nusu kwa nusu, kama wanavyofanya watu wengi wa magharibi ya Kenya na Uganda.

Hivi ndivyo tulivyopika mara ya pili, kwa unga aliouchagua mama yake mtoto na sufuria aliyoleta kutoka kwake. Safari hii mtoto hakwenda dirishani. Alikunywa kikombe kimoja, akanyoosha mkono apate cha pili, na mwenzake akamlalamikia kwamba amemwekea sukari kidogo kuliko yeye. Sikuwahi kufurahia ugomvi wa watoto kama siku ile.

Kuanzia sasa, anayeleta chakula shuleni tunamwomba aje na pakiti yake, au aandike viungo kwenye karatasi.

Msamiati wa wiki

- Shuke: sehemu ya juu ya mmea wa nafaka yenye punje. Wingi wake ni mashuke.
- Kupura: kupiga mashuke ili punje zitoke.
- Kupepeta: kurusha nafaka kwenye ungo ili makapi yatoke.
- Kimea: nafaka iliyochipuzwa, ikakaushwa.
- Kibaba: kipimo cha zamani cha nafaka. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Sasa mnaelewa kwa nini haba na haba hujaza kibaba.
- Ulezi: nafaka yetu ya leo, na pia kazi ya kulea mtoto.
- Wimbi: nafaka hiyohiyo, na pia maji ya bahari yanayoinuka na kupiga pwani.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mpigieni simu bibi, babu au shangazi. Kwao ulezi unaitwaje, na waliula vipi walipokuwa watoto?
2. Kwa nini pakiti yenye picha ya ulezi inaweza kumdhuru mwenye siliaki?
3. Kabatini mwenu mna vyakula vingapi vyenye ngano, shayiri au rai? Someni orodha za viambato, mhesabu.

Leteni majibu darasani. Tuonane Jumamosi, inshallah.